Dansi ya Kiingereza tuliyoifufua Ibra, na mkono nilioachia

Assalaam aleikum wakuu. Na shikamoo kwa walionizidi umri, ingawa humu nadhani hamumo.

Mwaka mzima nimekaa pembeni nasoma visa vya wenzangu. Leo natoa changu. Chumvi sitii, maana kisa chenyewe kichungu cha kutosha. Skuli nilitolewa darasa la sita, kwa hiyo mkiona makosa ya uandishi nivumilieni. Majina lakini siyasahau.

Basi.

Tuko Ibra, huku Oman, miaka ya sabini inamalizika. Umeme umeingia mtaani si zamani, barabara ya lami ndiyo inajengwa. Injinia mmoja Mwingereza wa barabara alikuwa na mke, sisi tukimwita Bi Joani. Mrefu, mkimya, hana mtoto.

Alikuwa na shauku moja tu: kufufua dansi za kizamani za mashamba ya kwao. Zile watu wanasimama safu mbili, wanaume huku, wanawake huku, wanapita katikati wawili wawili.

Msicheke. Kwao ule ni utaalamu, watu wanakesha na vitabu. Yeye alikuwa na fotokopi za kitabu cha karne za nyuma, na dansi moja ndani yake ilimshinda. Mwanzo umeandikwa, katikati umeandikwa, mwisho ukurasa ulikuwa umeliwa na wadudu. Kwenye fotokopi unaona doa jeusi.

Ikatokea siku moja Nizwa, Zeyana binti Hamdani akaiona karatasi ile, na yeye Kiingereza anakijua. Akamwambia, "Hii sisi tuliicheza Unguja, skuli."

Na kweli. Miss wetu wa skuli alitoka upande huohuo wa Uingereza, dansi alifundishwa na bibi yake, akaja akatufundisha sisi. Wasichana wanane: Zeyana, Shamsa binti Khalfani, Thuwaiba binti Ali, Moza binti Seif, Salha na Raya mapacha, mimi Asya, na Zuhura binti Nassor. Wanne tulifunga kitambaa chekundu mkononi wakawa ndio wanaume. Nimesema "tulifunga", lakini mimi sikufunga, mimi nilikuwa mke. Mume wangu wa dansi alikuwa Zuhura. Sisi ndio tuliokuwa wa mbele.

Thuwaiba alikufa kwa uzazi. Moza yuko Dubai, mapacha Kairo. Oman tulibaki watatu: Zeyana wa Nizwa, Shamsa wa Sur, na mimi wa Ibra.

Kwa hiyo wakakusanyika kwangu wiki moja. Shamsa alipanda pikapu kutoka Sur, kaja na papa mkavu nyumba nzima ikanuka. Kila baada ya Alasiri wanaume wakishatoka, tunafunga mlango, Bi Joani anaweka kaseti ya fidla, tunaanza.

Hapo ndipo tulipogundua jambo. Kila mtu alikumbuka njia yake tu. Zeyana ukimwuliza anapita wapi, anajua. Mwenzake anapita wapi, hajui. Pahala pa wasiokuwepo Bi Joani akaweka viatu juu ya zulia, jozi jozi, ili tujue pana mtu.

Mbele yangu paliwekwa kandambili.

Siku ya kwanza tulicheka sana. Shamsa anamwambia Zeyana, "We tangu skuli unageuka kushoto kama ngamia kaona gari."

Zeyana akasema, "Wewe umejuaje, na ulikuwa unakula ubuyu Miss akigeuka?"

Lakini mwisho wa dansi hakuna aliyeujua. Mwisho ni wa wale wawili wa mbele, wanashuka katikati peke yao, wengine wamesimama. Bi Joani akanitazama mimi, Zeyana akanifasiria: "Anauliza, mkifika chini mlifanya nini?"

Nikasema nimesahau.

Wakuu, sikuwa nimesahau. Sasa nawaeleza kwa nini.

Mwaka sitini na nne, siku chache kabla ya Ramadhani, Zuhura alikuja kwetu shamba kukaa na mimi. Tulikuwa na miaka kumi na tano. Mapinduzi yakaingia, mambo yakatokea yaliyotokea, mnayajua. Asubuhi ile tulikimbia ndani ya mikarafuu, mimi na yeye tumeshikana mikono. Kufika kwenye kijito akateleza, mguu ukamtenguka. Akanivuta.

Nikamwachia.

Aliniita mara mbili. Jina langu ni fupi, lilifika vizuri. Sikugeuka.

Siku ya tatu nilirudi na jirani yetu, Mzee Makame. Tukamkuta. Mzee Makame na wanawe wawili wakamzika palepale, chini ya mkarafuu. Alilia yule mzee. Yeye akabaki kule, mimi nikapelekwa mjini.

Mjini, mama yake, Bi Rukiya binti Saidi, alinishika mabega. Hakuuliza yu wapi. Aliuliza, "Ulimshika mkono?"

Nikasema, "Nilimshika, mama. Mpaka melini. Kapanda meli ya Mombasa na watu wa Pemba."

Ulitoka mdomoni wenyewe, uongo ule. Nilidhani ni wa siku mbili, mtu mzima yeyote ataurekebisha. Hakuna aliyeurekebisha. Ukaishi miaka kumi na tano.

Sasa fikirini. Bi Rukiya naye alikuja Oman, akakaa Ibra, nyumba ya nne kutoka kwangu. Akisikia mgeni katoka Mombasa anakwenda na sahani ya halua, anauliza. Watu walimwambia tumsomee khitma Zuhura, tumfanyie dua. Alikataa. "Aliye hai hasomewi khitma. Asya alimwona anapanda." Nguo za binti yake alizihamishia sanduku kubwa zaidi kila zilipojaa, maana Idi zote alimshonea.

Na mimi nikipita ananiita mwanangu.

Haya turudi kwenye dansi. Siku ya nne, Shamsa na mdomo wake akamwambia Bi Rukiya tumekwama. Bi Rukiya akaingia kwangu Alasiri ile amebeba daftari. "Shikamoo mama," sote. "Marahaba wanangu. Hili la Zuhura. Aliandika kila kitu mtoto yule."

Daftari la skuli, jalada limechoka. Bi Joani alilipokea kwa mikono miwili kama msahafu. Ndani kuna duara na mishale, na chini Kiswahili. Zeyana akasoma kwa sauti:

"Asya na mimi tunashuka katikati, mkono wa kulia. Chini kabisa namzungusha, tunarudi juu bila kuachiana. Asya huniachia mapema. Nimeshamsema. Miss kasema atakayeachia mapema anaiharibu safu nzima."

Wenzangu wakaangua kicheko. Bi Rukiya naye akacheka, na miaka yote ile sikuwahi kuona meno yake.

"Basi huyo ni Asya wa dansi," akasema. "Siku ya haja hakumwachia."

Halafu akaziondoa kandambili kwa mguu, akasimama pale.

"Bi Rukiya, magoti yako," Zeyana akamwambia.

"Magoti yangu nayajua mimi. Wekeni kaseti."

Akanipa mkono wa kulia. Mkono mkavu, una hina ya zamani kwenye kucha. Tukashuka. Polepole, nyuma ya muziki, wengine wamesimama safu mbili wanatutazama. Kufika chini alitakiwa anizungushe. Mimi nikasimama.

"Geuka, mwanangu."

Nikamwambia. Sikupanga. Nikasema, "Mama, mimi nilimwachia. Hakupanda meli."

Hakunyanyua sauti. Mkono wangu bado anao.

"Amekufa?"

"Amekufa, mama. Shamba kwetu."

"Kazikwa?"

"Mzee Makame kamzika."

"Kaoshwa?"

"Hapakuwa na nafasi."

Kaseti inaendelea kupiga. Hakuna aliyekwenda kuizima. Sijui tulisimama muda gani vile, tumeshikana. Ikaisha yenyewe, kitufe kikaruka, tak.

Akasema, "Miaka kumi na tano mwanangu hana hata Yasini moja." Ndipo akauachia mkono wangu. Akachukua ushungi wake, akatoka. Daftari kaliacha.

Kesho yake aliweka matanga. Watu wakashangaa, matanga ya nani? Siku tatu alikaa mkekani. Nilikwenda. Wanawake wote walimpa mkono wa rambirambi. Nilipofika mimi akaukunja wake ndani ya kanga.

Hakunitukana, hakunisema popote. Salamu yangu aliijibu, maana salamu ni haki ya Mwislamu. Tulikutana soko la wanawake, arusini, misibani. Mkono hakunipa tena. Miaka ya themanini ikaenda yote hivyo, mpaka akafa. Siku ya kumwosha, Zeyana ndiye aliyeongoza. Akaniambia, "Asya, shika upande wa kulia." Ndiyo mara yangu ya mwisho kuushika mkono wake.

Sasa lililonifanya niandike leo.

Bi Joani siku ile hakuelewa neno. Zeyana hakumfasiria, na nani angeweza? Alikaa pembeni na kalamu yake, anatazama miguu. Baada ya mwaka hivi akaandika barua kutoka kwao. Zeyana akanisomea. Anashukuru. Dansi imekamilika, imechapishwa, vikundi kadhaa vinaicheza. Na mwisho wake, anasema, umewashangaza wataalamu: wawili wa mbele wakifika chini wanasimama, hawazunguki, hawarudi, wameshikana mkono wa kulia mpaka muziki unakwisha, kisha aliye upande wa mume anaachia kwanza na kutoka nje ya safu.

Alichora hata picha.

Daftari lilikuwa mkononi mwake na mishale yote ya Zuhura, inayorudi juu. Nafikiri aliyaamini macho yake kuliko karatasi. Zeyana aliniuliza tumjibu, tumsahihishe? Nikasema tutamjibu. Hatukumjibu. Bi Joani naye ameshakufa, barua ya kututaarifu imeletwa juzi na mpwa wake.

Funzo langu si refu. Ukijua mtu amekufa, waambie wenyewe siku hiyohiyo, hata kama na lako la aibu limo ndani. Unadhani unawapa matumaini, kumbe unamnyima maiti dua zake.

Na nyinyi wenye watoto Uingereza, nina ombi. Mkipita mahali mkakuta wazungu wamesimama safu mbili, na wawili wako chini wameshikana hawasogei, waambieni hivyo sivyo ilivyoandikwa. Zuhura aliandika wanarudi juu.

Au niiache ilivyo? Semeni wakuu, nasoma zote. Na mwenye nafasi, amsomee Yasini Zuhura binti Nassor, na mama yake Rukiya binti Saidi.