Mpima Maji ya Kilindini

Mpima maji ya bahari hakuruhusu saa yoyote ing'aayo gizani ipite mlangoni mwa maabara yake, hata iwe ya mkuu wake. “Vua, mzee, mionzi yake itanivurugia vipimo,” alimwambia, akikinga kiganja kilichokaushwa na chumvi. Siku hiyo alipima maji ya kilindini. Iwapo yangekuwa na mabaki ya mionzi ya mabomu ya nyuklia yaliyolipuliwa zamani, yaliyoanguka baharini pamoja na mvua, ingemaanisha kwamba maji ya juu hushuka hadi chini; yasipokuwa nayo, utafiti wake ungefungwa. Mashine ilipotoa tarakimu, alizisoma kwa kunong'ona, akapima tena, kisha akamshika mkuu mikono, wakaizunguka meza wakicheza.

“Yameshuka, mzee wangu! Maji ya juu yameshuka!”

“Taratibu, binti, tutavunja chupa!” alipiga kelele mkuu, ilhali yeye ndiye aliyekuwa akirusha miguu juu zaidi.