Tamali za Mama Longoria

Miaka ishirini na sita Hortensia Cavazos alikuwa mshauri wa wanafunzi katika sekondari yetu, huku kusini kabisa mwa Texas. Mimi nilikuwa karani, meza yangu ikitazamana na mlango wake, na nasema wazi kwamba sijaona mtu aliyewapigania watoto wa vibarua kama yeye. Alikuwa mkali. Ukichelewesha fomu, utakoma. Naye mwenyewe alikuwa aking'oa vitunguu mashambani hadi alipofika miaka kumi na tisa.

Mpango wa kusoma masomo ya chuo ukiwa bado shuleni ulipoanza, mwanafunzi wa kwanza ambaye Hortensia alimwandikisha alikuwa Nereida Longoria, binti aliyetaka uuguzi tangu utotoni. Kila somo linahesabiwa shuleni na chuoni, tena bure. Hortensia alitembea kifua mbele wiki nzima.

Aprili akina Longoria wakafunga mizigo kwenda kaskazini kupalilia, kama kila mwaka. Shule ina karatasi yake ya kumruhusu mtoto aondoke mapema, naye Oktoba anarudi na kuendelea alipoachia. Hortensia akaisaini, akamkumbatia binti, akadhani yamekwisha. Kumbe chuo nacho kilitaka karatasi yake ya kujiondoa masomoni, kabla ya tarehe maalumu. Barua ya kukumbusha ilikuja. Niliipokea mimi, nikaiweka mezani kwake, ikazama chini ya mafaili. Hadi leo najilaumu kwa kutoisema kwa mdomo.

Nereida aliporudi alikuta amefelishwa masomo mawili ambayo hakuwepo kuyafanyia mtihani. Hortensia alikwenda chuoni mara tatu, akabembeleza, akagomba, akaambiwa tarehe imepita. Mwaka uliofuata chuo cha uuguzi kikamkataa binti kwa alama hizohizo. Akaenda kuchambua vitunguu kiwandani.

Hortensia alimwita ofisini, mlango ukiwa wazi.

"Ni mimi, mwanangu. Barua ilikuwa hapa mezani."

Nereida alijibu, "Usimwambie mama, Mwalimu. Kila siku anakutaja kwenye sala zake. Mwache aamini nilifeli."

Na Hortensia akakubali kuificha siri. Hapo ndipo ninapomkasirikia, ingawa nilimpenda. Desemba ile mama mtu alileta sufuria ya tamali, mikate midogo ya unga wa mahindi yenye nyama ndani, bado ya moto kwenye maganda ya mahindi.

"Wewe ulijitahidi, mwalimu wetu," alisema. "Huyu wangu ndiye mvivu. Nilimwambia asome, akasinzia."

Hortensia alipokea, akashukuru, akafunga mlango. Zile tamali tulikula sisi makarani. Yeye hakugusa hata moja, mwaka ule wala miaka kumi na mmoja iliyofuata, na kila mwaka mama Longoria alirudia maneno yale, na binti akiwa amesimama pembeni akiyasikia.

Desemba iliyopita sufuria ililetwa na Nereida peke yake. Mama yake alikuwa amezikwa Novemba. Hortensia, aliyebakiza miezi sita astaafu, alianza kulia kabla hata hajapokea.

"Nilitaka kumwambia," alisema. "Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwambia."

"Alikufa akinionea aibu, Mwalimu," Nereida alisema, bila kupandisha sauti. "Nilipokuomba unyamaze nilikuwa mtoto. Sasa utamwambia nani?"

Akaweka sufuria mezani, juu ya mafaili, akaondoka kuwahi zamu yake.