Kikombe cha Bwana Mahfudhi

Fahima binti Zaid alipowaambia watu wa mtaa wa Shela, Malindi, kwamba anatengeneza gemu ya simu kuhusu kahawa, walimcheka mpaka wakashika mbavu. Mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, tena msomi, kushinda ndani akichora vikombe! Shangazi yake alimwambia wazi kwamba wenzake wanapika kahawa, yeye anaipaka rangi. Fahima hakujali. Alikuwa na mkataba na kampuni moja ya Nairobi, na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kukabidhi kazi.

Gemu yenyewe ilikuwa ya mtindo wa kizamani, picha za vidoti vinene na muziki wa kukwaruza kidogo, kama zile zilizochezwa kabla yeye hajazaliwa. Mchezaji ni muuza kahawa. Anachemsha kahawa tungu kwenye dele, birika lake la shaba, anatia tangawizi na iliki, anapita vichochoroni akigonganisha vikombe, na kila baraza anayoikuta anawamiminia wazee mmoja mmoja kuanzia mkono wa kuume. Hakuna vita, hakuna kufa, hakuna kukimbizana na saa. Mzee akipata kikombe chake, moyo mwekundu unapanda juu ya kofia yake. Ni mchezo wa kumliwaza mtu aliyechoka, basi.

Muuza kahawa huyo alikuwa baba yake. Mzee Zaid alibeba dele miaka ishirini na sita, hadi magoti yakagoma. Fahima alimchora vile vile, bega la kushoto limeinama na kikoi kimepandishwa. Hata mlio wa vikombe aliurekodi kutoka mkononi mwake, viwili vya haraka na kimoja cha kukawia. Akaitia na ile kanuni yake aliyokuwa akiirudia nyumbani: aliyekaa barazani hapitwi. Kwenye maelezo ya gemu akaandika kwamba baba yake aliipenda kazi hiyo tangu ujana. Hakumuuliza. Nani huuliza jambo analodhani analijua?

Kilichobaki ni mzee acheze na aridhike. Kampuni ingesema lake, lakini bila radhi ya baba Fahima hakuona faida ya kazi yote ile. Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, alimpa simu.

"Shikamoo, Baba. Leo utauza kahawa umekaa."

"Marahaba, mwanangu. Ningaliyajua haya zamani, magoti yangu yangalikuwa mazima."

Mzee alicheza akicheka peke yake. Alikitambua kichochoro cha msikitini, akalitambua bega lake, akasema, "Lo, kumbe nilikuwa mbovu hivi!" Kisha akafika kwenye baraza ya kwanza, na pale kicheko kikamkauka. Alimsogeza yule mtu wa vidoti ili ampite mteja wa kwanza bila kummiminia. Mtu wa vidoti akakataa, akarudi nyuma. Akamsukuma tena. Akarudi tena.

"Humu aliyekaa hapitwi, Baba. Kanuni yako mwenyewe hiyo."

"Naijua. Huyu nataka kumpita."

Mteja huyo alikuwa Bwana Mahfudhi, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Fahima alimchora kwa mapenzi kuliko wote, kwa kuwa yeye alipokuwa mtoto mzee huyo alimvunjia kashata akampa nusu. Kahawa ya matanga yake aliipika Mzee Zaid mwenyewe.

"Bwana Mahfudhi amefanya nini?"

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na wa Mzee Zaid ulikuwa umengoja muda mrefu. Alieleza akitazama simu. Walikuwa na shamba Mambrui, minazi ya mama yake, linateremka hadi pwani. Serikali ilipokuja kupima ardhi, yeye alikuwa mgonjwa, akampa rafiki yake Mahfudhi karatasi zote ampelekee ofisini. Hati ilitoka kwa jina la Mahfudhi. Mwaka uliofuata shamba likauzwa, na leo pana hoteli.

"Nilipoingia mjini na dele, sina hili wala lile, mteja wangu wa kwanza ni yeye. Kakaa barazani, kanyosha mkono. Ningefanyaje?"

"Na hukutwambia!"

"Ningekwambia ungekua na chuki, na mimi chuki yangu mwenyewe ilinitosha. Nipe njia nimpite, Fahima. Mara moja tu."

Ilimchoma Fahima vibaya. Alijionea haya kwa kila moyo mwekundu aliompa mtu yule. Ijumaa akampigia simu Mueni, msimamizi wake kule Nairobi, akamweleza yote bila kuficha.

"Pole sana, Fahima," Mueni alisema. "Lakini hii ni gemu ya kutuliza watu. Mchezaji akianza kunyima mtu kahawa, si tutakuwa tumeleta ugomvi? Kama huyo mzee anakusumbua, mtoe tu."

Kumtoa hakukumaliza hata saa nzima. Fahima aliwasogeza wengine wakaijaza nafasi yake, akafuta na yale maneno kwamba baba yake aliipenda kazi hiyo. Jumatatu asubuhi akaituma, kisha akaenda kumwonyesha baba yake, moyo mweupe.

Mzee aliitazama baraza, akahesabu kofia kwa kidole.

"Yuko wapi?"

"Nimemfuta, Baba. Hutammiminia tena."

"Nani kakwambia umfute? Nilimtaka akae pale pale, na kofia yake, anyoshe mkono, mimi nipite, na wenzake wote wakiona. Sasa nani atajua kwamba alitutenda? Mahfudhi kafa akiitwa mtu mwema, na wewe umemmalizia kumwosha."

"Niwie radhi, Baba. Nitawaandikia kampuni wamrudishe."

"Umeshaipeleka?"

"Asubuhi."

Mzee Zaid alimrudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

"Wewe ni mwanangu, radhi yangu unayo," alisema. "Hilo gemu lenu usiniletee tena."