Mama aliyepima Wi-Fi ya nyumba yake

Jumanne nilipanga foleni katika duka moja la kampuni ya intaneti mjini Sotik. Mbele yangu alikuwa mama mkulima wa majani chai, gambuti zake zimejaa matope. Alimweleza mhudumu kwamba binti yake anasomea uuguzi kwa mtandao, na kila akianza mtihani Wi-Fi ya nyumbani inakatika.

"Kifurushi chako ni kidogo, mama. Chukua kubwa," mhudumu alisema bila kuinua macho.

Mama alitoa karatasi na kuikunjua taratibu juu ya kaunta. Alikuwa amechora nyumba yake, na katika kila chumba ameandika kasi ya intaneti aliyoipima kwa simu.

"Hapa jikoni inakimbia," alisema, akiweka kidole. "Nikivuka hii ukuta ya mawe, inakufa. Watu wenu waliweka router, hiki kisanduku cha Wi-Fi, nyuma ya friji. Mimi nataka waya mrefu, niilete katikati ya nyumba."

Mhudumu aliitazama karatasi, kisha akasimama. "Nani alikufunza hii kazi, mama?"

"Hakuna mtu. Nilitembea tu na simu."

Mhudumu alimkatia kipande kirefu cha waya.

Ijumaa nilimkuta mama huyo mjini Kapkatet, kwenye kituo cha kupimia majani chai. Aliniambia binti alikuwa amemaliza mtihani bila intaneti kukatika hata mara moja, na majirani wawili wameshamwita mama akawapimie.

Sisi wa huku tumezoea kuambiwa tununue kubwa zaidi, nasi tunanunua. Nilijivunia sana kuona mmoja wetu amekataa, tena kwa mchoro.