Uzi wa Sweta ya Mable

Mimi Kimeu nilikuwa tarishi katika ofisi ya shamba moja la mkonge nje kidogo ya Voi. Nikikuambia kwamba mwaka wa themanini na saba hakuna mtu aliyenikasirisha kama Elsie Wakio, usidhani nilimchukia. Nilimpenda kama dada. Ndiyo maana alinikasirisha.

Elsie alitoka Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Alikuja kwetu akiwa msichana wa miaka ishirini, akapiga ile taipu nzito miaka kumi na miwili. Kompyuta ilipoletwa, wanaume wote waliikimbia. Meneja mwenyewe aliigusa kwa kidole kimoja kama anayejaribu pasi ya moto. Elsie akaketi, akasoma kitabu chake siku tatu, ya nne akachapa barua. Kisha akaifumia kitambaa na kuifunika, vile watu hufunika redio nyumbani. Huyo mama alipenda kufuma! Simu ilikuwa na kitambaa, birika la chai lilikuwa na kitambaa. Nilikuwa nikimtania, "Mama Mable, siku moja nikisinzia hapa utanifunika na mimi." Alicheka mpaka akajishika mbavu.

Mable alikuwa mtoto wake wa pekee. Januari mwaka huo surua ilimchukua, akiwa na miaka mitatu. Tulijaa lori zima la shamba, tukaenda Makwasinyi kumzika. Baada ya wiki mbili Elsie alirudi kazini, akaketi, akachapa. Hakulia. Ukimuuliza habari, "Nzuri." Ukimwambia chai yake imepoa, "Sawa." Kufuma akaacha. Nasi tukaona haya kumwita Mama Mable. Utamwitaje kwa jina la mtoto aliye kaburini? Tukaanza kumwita Elsie, wengine Madam. Hatukuketi kukubaliana. Ilitokea tu.

Siku moja akafungua droo, akanipa mfuko wa uzi wa manjano. Ndani mlikuwa na mkono mmoja wa sweta ya mtoto, umefumwa nusu.

"Kimeu, katupe hii."

"Yote?"

"Yote."

Sasa mimi nimelelewa na nyanya ambaye hata mkebe mtupu wa mafuta haukutupwa nyumbani kwake. Nitupe uzi mzima? Nikauficha stoo. Na kule nyuma ya kompyuta kulikuwa na tundu ambalo kifuniko chake kilipotea, na vumbi jekundu la Voi linaingia humo bila hodi. Nikakata uzi kidogo, nikausokota, nikaliziba lile tundu. Nikajiona fundi.

Mwezi wa sita meneja akasema mashine haina nguvu ya kubeba programu mpya, lazima iongezwe kadi ya memori. Jumatano akaja fundi kutoka Mombasa, kijana aliyeitwa Gibson, tai shingoni kwenye jua lile! Elsie alikuwa ameenda posta. Gibson alifungua mashine, akang'oa uzi wangu kutoka lile tundu na kuuliza, "Takataka gani hii?" Nikaunyakua upesi, nikautia mfukoni. Akapachika kadi yake, akafunga skurubu, akawasha. Feni ikazunguka, mashine ikalia pii, skrini ikabaki nyeusi. Akazima, akawasha tena. Nyeusi.

Elsie aliporudi, meneja alimwambia mbele yetu sote. "Ijumaa jioni ikifika kabla hii kitu haijawaka, kazi yote ya kuchapa itahamia Mombasa. Na hapo sitakuwa na kazi ya kukupa. Pole."

"Sawa," akasema Elsie.

Haki nilitaka kumtikisa. Mumewe, Hudson, alikuwa amekaa nyumbani tangu aanguke kutoka kwenye trela la mkonge. Bila mshahara wa Elsie jiko lao halingewaka.

"Ati sawa?" nikamwambia meneja alipoondoka. "Sema kitu! Mtukane fundi, nitukane hata mimi!"

"Nikitukana itawaka?"

Alikuwa hata hanitazami.

Alhamisi Gibson alihangaika kutwa. Akiitoa kadi, mashine inawaka vizuri, lakini programu mpya haiingii. Akiirudisha, pii, halafu kimya. Akabadilisha waya wa umeme. Kimya. Akavua tai. Nikamwambia kadi yake ni mbovu, akapiga simu aletewe nyingine kwa basi. Ikafika Ijumaa asubuhi, akaipachika. Kimya vilevile.

"Basi mbovu ni wewe!" nikamfokea. "Siku tatu unafungua na kufunga skurubu!"

Nyani haoni kundule. Muda huo wote nikifoka, uzi ulikuwa mfukoni mwangu.

Saa tisa alasiri Gibson alikaa sakafuni akafikiri. "Kadi zote mbili haziwezi kuwa mbovu," akasema. "Shida iko pale zinapoketi." Akamulika tochi kwenye ule mfereji mwembamba ambamo kadi hudidimizwa, akaomba pini. Elsie akachomoa moja kwenye kitambaa chake cha kichwa. Gibson alichokoa, akavuta taratibu, kikatoka kipande cha uzi wa manjano, urefu wa kidole.

"Kilibaki nilipong'oa ile takataka," akasema. "Kadi haikushika."

Elsie alikichukua mkononi. Akakitazama. Kisha akanitazama mimi.

"Nilikuambia ukatupe."

Nikautoa ule mwingine mfukoni. "Nilikuwa naziba vumbi tu. Nisamehe, Elsie."

"Usiniite Elsie!"

Wee! Miezi mitano hatukuwa tumeisikia sauti hiyo. Meneja alitoka mbio ofisini mwake.

"Uzi nilikuambia utupe, ukauficha. Jina langu sikuwaambia mtupe, mkalitupa! Nyote! Mlimzika mtoto, na mama yake pia mkamzika? Nani aliwatuma?"

Alichukua kikombe cha maji mezani, akatoka barazani. Nilimfuata kwa woga. Akapiga funda, akayapuliza maji chini kwenye vumbi. Nilikuwa nimesikia tu kwamba Wataita hufanya hivyo kutoa hasira moyoni, wao husema kutasa, lakini sikuwahi kuona, tena kwa mtu wa kanisa kama yeye.

"Nimemkasirikia Kimeu," akasema, uso wake umeelekea Kasigau. "Nimewakasirikia wote. Itoke. Wakae salama." Akapuliza tena. Halafu akaketi kwenye ngazi, akalia, akalia kweli, na mimi nikasimama pale nimeshika uzi.

Tuliporudi ndani Gibson alikuwa amekwisha kupachika kadi. Aliwasha. Namba za memori zikaanza kujihesabu kwenye skrini, zikafika pale zilipokuwa zikikomea zamani, zikapita, zikaendelea.

"Mama Mable," nikasema, "imewaka."

"Nimeona," akasema. Akavuta kiti chake, akaketi. "Na ule uzi mwingine uko wapi?"

"Uko stoo."

"Niletee."