Kesi ya Kofia

Niliwahi kushinda kesi mahakamani bila wakili, na natamani ningeshindwa. Huku kwetu Kirua Vunjo watu bado wanaisimulia kesi ile wakinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na nikiwepo hunigeukia nicheke nao. Sicheki. Wananiambia nimekuwa mzee wa kununa, nami nawaacha waseme.

Nilikuwa dereva wa pikapu ya chama chetu cha maziwa. Kila asubuhi nilipanda mlima kukusanya maziwa kwa akina mama waliosimama na ndoo zao kando ya migomba, kisha nikayateremsha mpaka dukani kwetu Soweto, mjini Moshi. Kuendesha hakukunichosha. Kilichonichosha ni simu. Sijamaliza kupima maziwa ya mama wa kwanza, wa pili anapiga: umefika wapi? Nikimjibu huyo, wa tatu anapiga: umefika wapi? Sikuweza kuwalaumu, maana baridi ya kule juu asubuhi inaingia mpaka kwenye mifupa, na maziwa hayasubiri mtu. Na simu ya mama aliyekuzidi umri huiachi iite hivihivi. Ukifanya hivyo, kufika jioni kijiji kizima kimeshasikia kwamba una dharau.

Basi nikapata dawa yake. Wanaume wa kwetu karibu wote tuna kofia za sufu, nami nilikuwa na kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Nilikisukuma chini ya kofia, kikabanwa kati ya sufu na sikio, kikatulia hapo hata kwenye makorongo. Vitufe nilivijua kwa kidole. Simu ikiita, nilibonyeza juu ya sufu, nikarudisha mkono kwenye usukani, nikaongea. Nilijiona mjanja kuliko waliotengeneza gari lenyewe.

Siku niliyosimamishwa, askari wa barabarani alikuwa mwanamke, koplo, mgeni kwenye kituo kile cha chini tunapoingia barabara ya lami. Nilikuwa nabishana na mama mmoja aliyelalamika kwamba maziwa yake yamekataliwa kwa kusingiziwa yana maji. Nilipomwona askari, nilikuwa nimeshampita. Nikakanyaga breki, madebe yakagongana huko nyuma. Akaja taratibu mpaka dirishani, akaniamkia shikamoo kama mtoto aliyelelewa vizuri. Nikaitikia marahaba, huku yule mama akiendelea kufoka ndani ya kofia yangu.

Akaniomba niivue. Nikaivua. Akakitazama kitochi muda mrefu, kisha akaanza kuniandikia kosa la kutumia simu nikiendesha. Nikamwambia anionyeshe mkono ulioishika. Akasema hilo si swali. Nikasema ndilo swali lenyewe, na kama hawezi kulijibu, tukutane mahakamani.

Nieleze hasira ile ilitoka wapi, maana sikuzaliwa na ubishi wa kiasi hicho. Kwenye lami ileile nilikuwa nikiyaona magari makubwa yenye vioo vyeusi yakipita, kioo kimeshushwa nusu, simu iko sikioni, mkono mmoja unaning'inia nje, na askari wanayapigia saluti. Mimi na madebe yangu ndio tuliosimamishwa. Wenzangu waliandikiwa, wakalipa, wakaenda zao. Mke wangu naye aliniambia nilipe yaishe. Nilimjibu kwamba safari hii sheria itasomwa mpaka mwisho, na itasomwa na mimi.

Nilikwenda mahakamani nimevaa koti la kanisani na ile kofia. Kifungu kikasomwa. Kilimkataza dereva kutumia simu iliyoshikwa mkononi wakati gari linatembea, na kikaruhusu kifaa kisichohitaji mikono. Nikamwomba hakimu ruhusa nionyeshe. Nikakitia kitochi kofiani, nikakaa kwenye benchi, nikanyoosha mikono yote miwili kama nimeshika usukani, nikasema, haloo mama, niko njiani. Watu wakacheka, hata karani akainamisha uso. Hakimu akauliza kama hiki si kifaa kisichohitaji mikono, basi ni nini. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza naipokeaje simu ikiita, na mimi sikujitolea kusema.

Yule koplo alipopewa nafasi, alieleza kwamba alisimama mahali peupe, amenyoosha mkono, na nilimpita kwa hatua nyingi kabla ya kufunga breki. Hakimu akamkumbusha kwamba kosa la kutotii ishara halikuandikwa kwenye shitaka. Akasema anajua. Kisha akasema neno ambalo siku ile nililiona la kipuuzi:

"Mheshimiwa, mikono yake ilikuwa kwenye usukani. Yeye mwenyewe hakuwepo."

Watu wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Nami nilicheka, na nilicheka kwa sauti.

Nikaachiwa. Nilipofika kijijini nilipokelewa kama nimetoka kuchaguliwa kuwa mbunge. Kwa wiki kadhaa sikununua mbege. Madereva wa mlima mzima wakahamishia simu kwenye kofia, na vijana wa bodaboda wakazisokomeza ndani ya helmeti. Wakisimamishwa walitaja kesi yangu, na askari, wamechoka kubishana, waliwaacha. Kichwa kikanivimba. Viongozi wa chama wakaona mtu anayejua sheria kiasi hicho hafai kuachwa kwenye usukani, wakanifanya msimamizi. Nikapewa kiti na meza pale dukani Soweto, na simu ya kufuatilia gari.

Usukani akapewa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mtu mzima mwenye watoto wanne. Ni mtu mpole, na mambo yake yote huyafanya polepole. Simu ikiita, alitafuta mahali papana, akasogeza gari pembeni, akazima injini, ndipo akapokea. Kwa akina mama kumi na wawili, alikuwa anasimama mara kumi na mbili. Maziwa yakaanza kufika saa nne badala ya saa tatu, na siku za jua mengine yalifika yameanza kuganda.

Nikamkalia kooni. Nikamwambia anatuaibisha. Akajibu kwa adabu yake kwamba hawezi kuongea na kuendesha kwa pamoja, akili yake haigawanyiki. Nikamcheka. Nikamvika ile kofia kwa mikono yangu, nikamwonyesha kitochi kinakaa wapi na kidole kinabonyeza wapi. Nikamwambia, "Shemeji, usiogope, sheria iko upande wetu." Tangu siku hiyo maziwa yakawa yanafika saa tatu.

Asubuhi ninayoitaja sasa nilikuwa nimekaa tu dukani. Wateja walikuwa wachache, hesabu nilikuwa nimeshamaliza. Nikampigia. Akapokea haraka, nikasikia injini inanguruma kwenye mteremko. Nikamuuliza kitu, akaanza kunijibu, na katikati ya jibu nikasikia kishindo, kisha madebe yakianguka, kisha ukimya, kisha wanawake wakipiga yowe. Simu ilikuwa bado kofiani kwake, kwa hiyo nilisikia yote, huku nikimwita kwa sauti. Nilimsikia akisema, "Mama, mama, nisamehe," na nikajua kwamba kuna mtu chini ya gari.

Alikuwa mjane wa jirani yetu, mama mwenye ng'ombe mmoja, aliyetuletea maziwa tangu siku ya kwanza ya chama. Alikuwa ametoka kukata majani ya ng'ombe na mzigo ukiwa kichwani, akitembea pembeni kabisa, kwenye nyasi. Alilijua gari letu kwa mlio, kwa hiyo hakugeuka. Gari lilimfuata hukohuko pembeni. Alipelekwa hospitali Mawenzi, na mguu wake wa kulia ukakatwa chini ya goti.

Siku ya pili yake nilikwenda kituo cha polisi. Sitaki kujipamba hapa. Nusu ya moyo wangu ilitaka kusema ukweli, na nusu nyingine ilitaka kujua nitafanywa nini. Faili lilikuwa mezani kwa yuleyule askari wa kike, sasa ana tepe moja zaidi begani. Akasimama, akaniamkia kama zamani, akanipa kiti. Nikamwambia kwamba simu ile niliipiga mimi. Nikamwambia pia kwamba kofia ni yangu, na aliyemfundisha shemeji kuivaa ni mimi, yeye alikuwa hataki.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuandika.

"Mzee, sheria inamtaja anayeendesha," akasema. "Kupiga simu si kosa. Nenda nyumbani."

Nikamuuliza kama hakuna kifungu hata kimoja. Akanitazama kwa muda, nikadhani atanikumbusha siku ile tulipomcheka. Hakunikumbusha. Akasema, "Ulitusomea wewe mwenyewe, mzee. Hakuna." Na nikifika hapa ndipo ninapojichukia zaidi, maana nilipotoka nje ya kituo nilikuwa nimefurahi. Nilivuta pumzi, nikanunua chungwa, nikalila nimesimama barabarani, na shemeji yangu yuko mahabusu nyuma ya ukuta uleule.

Kwenye kesi yake alijitetea kama nilivyomfundisha, kwamba mikono yote ilikuwa kwenye usukani. Hakimu alikuwa mwingine. Akamwambia hapo ndipo alipolimaliza kabisa suala lake, kwa sababu kama mikono ilikuwepo na gari likamfuata mtu kwenye nyasi, basi kilichokosekana ni akili. Shemeji hakunitaja jina hata mara moja, wala hakusema nani alikuwa upande wa pili wa simu. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu na mdomo umefungwa. Alifungwa miezi sita, na leseni yake ikafungiwa. Mke wangu hakunigombeza. Ananipakulia chakula, ananiwekea maji ya kuoga, na jina la mdogo wake halitaji nikiwa ndani ya nyumba.

Mjane aliporudi kutoka hospitali nilikaa wiki mbili nikijipa shughuli. Mwishowe nikambebea mkungu wa ndizi, nikapita njia ya migombani ili nisionekane. Alikuwa ameketi nje ya nyumba yake juu ya kiti cha plastiki, khanga imefunika magoti, magongo yameegemezwa ukutani. Zizi lilikuwa tupu, maana ng'ombe alikuwa amechukuliwa na binti yake aliyeolewa kijiji cha pili. Nikamwamkia, akaitikia. Akaniuliza habari za mke wangu na za duka, akaniuliza kama maziwa yanafika kwa wakati. Nikasema yanafika.

Tukakaa. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba msamaha, marefu, ya kikanisa, na yote yalikuwa yamenitoka. Nikamwambia tu kwamba siku ile ni mimi niliyempigia shemeji simu.

"Najua," akasema. "Nilisikia sauti yako kwenye kofia yake, nikiwa nimelala pale chini. Mlikuwa mnaongea nini?"

Aliuliza bila hasira. Nilitamani kuwe na mgonjwa, au msiba, au hata gari lililopotea na mzigo wa watu, nimpe kitu chenye uzito wa mguu. Sikuwa nacho. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa nimekaa sina kazi, nikampigia kumuuliza kama huko juu mvua imenyesha.

Aliutazama mlima kama anayejaribu kukumbuka.

"Haikunyesha," akasema. "Majani yangu yalikuwa makavu kabisa."