Boa Aliyelala Juu ya Gauni la Harusi

Kwa mujibu wa tangazo la Idara ya Wanyamapori, lililobandikwa kwenye kila nguzo ya umeme iliyokuwa na nafasi, kila boa wa porini ana kwao, na kwao huko kunasomeka mwilini mwake. Hivyo basi, boa yeyote atakayekutwa mjini asiguswe wala kuhamishwa mpaka atazamwe na itambulike ni wa wapi. Kisha arudishwe huko huko na si kwingine. Tangazo lilikuwa na sahihi na mhuri.

Boa ni ndugu yake chatu: hana sumu, ana kumbatio tu. Huyu wa kwetu alikutwa Alhamisi asubuhi na fundi cherehani wa mtaa, ambaye watu humwita Macho. Jina hilo analistahili. Macho hagusi tepu ya kupimia. Mteja akisimama mlangoni, humtazama kuanzia mabegani kushuka chini, anamwambia "geuka", basi, vipimo vimekwisha. Wanawake wa mtaani wanajua kwamba Macho akiacha ziada kiunoni bila kuombwa, ni wakati wa kuongea na mume. Mkewe mwenyewe alijua ana mimba ya pili siku alipokuta gauni lake limeachiwa pande zote mbili, bila maelezo.

Boa alikuwa amejikunja kwenye meza ya kukatia, na alichokikalia ni gauni la harusi la binti wa mwenye nyumba. Harusi ilikuwa Jumamosi. Mwenye nyumba, mama mwenye sauti ya kuzibua mabomba, alikwishasema kwamba gauni lisipokuwa tayari, Macho atafute chumba kingine cha kushonea, ikiwezekana nchi nyingine.

Idara ilimleta afisa mwembamba aliyevaa buti za mtu mnene, kijitabu cha utambuzi mkononi.

"Kazi nyepesi, fundi," alisema. "Wa milimani ana mkia mweusi. Wa mtoni, mkia mwekundu kama kutu. Wa visiwani ni mwembamba, rangi ya majivu. Tunamlinganisha na picha, tunamaliza."

Kijitabu kilikuwa nakala ya nakala, kutoka mashine isiyojua kiasi cha wino. Boa wote watatu walikuwa weusi. Hata mto ulikuwa mweusi.

"Mbona huu mkia kama kahawia?" aliuliza Macho.

Afisa alipekua mbele, akapekua nyuma. "Kahawia haimo. Itabidi niwaandikie makao makuu."

"Watajibu lini?"

"Wakijibu."

Macho aliliangalia gauni, au kile kipande cha lesi kilichochungulia chini ya nyoka, akapandisha mikono ya shati. "Hebu nipishe, bosi. Mimi nimetazama miili tangu utoto wangu." Alisimama wima mbele ya meza. "Geuka," akamwambia boa.

Boa hakugeuka. Alikuwa mteja wa kwanza kukataa.

"Sawa, mabega hana," Macho aliendelea, bila kuvunjika moyo. "Lakini hicho kiuno! Aliyekulia milimani, kupanda na kushuka kila siku, kiuno hicho anakitoa wapi? Visiwani nako, kwa upepo ule, angekuwa kamba ya viatu. Huyu amelelewa penye shibe. Huyu wa mtoni."

"Na mkia?"

"Umepauka. Kitambaa chekundu ukikifua kila siku kinakuwaje?"

Afisa hakuwahi kumwona boa aliyefuliwa, lakini hoja ilikuwa na mantiki, na ilimwepusha na kuandika barua. Akaafiki.

Mke wa Macho, aliyekuwa ameleta chai, alimtazama boa, akamtazama mumewe. "Baba watoto, una hakika hiyo ni shibe?"

"Mama watoto, viuno ndiyo kazi yangu."

"Ndiyo maana nashangaa," alisema, akaondoka na sinia lake.

Afisa alikwenda kutafuta kibali cha kusafirisha, akarudi nacho Ijumaa mchana pamoja na gunia. Wakati huo mwenye nyumba alikuwa mlangoni tangu asubuhi, anamfokea nyoka.

"Wewe! Kwani huna kwenu?"

"Ndicho tulichokuwa tunakitafuta, mama," alisema Macho.

Afisa alimshika boa shingoni, akamnyanyua. "Polepole, bosi, shanga hizo!" Macho alipiga ukelele. Boa aliinuka. Gauni lilibaki mezani, likitembea.

Kwenye mikunjo ya sketi, mikononi na hadi ndani ya shela, walikuwa wamejaa watoto wa boa, wembamba kama penseli, wametota na wana njaa.

"Kumbe hawatagi mayai!" afisa alinong'ona.

"Kijitabu kinasemaje?" Macho aliuliza.

"Ukurasa huo haukutoka vizuri."

"Sasa hawa tuseme kwao wapi?"

Watu wote walitazama gauni. Macho ndiye aliyeshtuka kwanza. "Hapana! Msiniangalie hivyo. Hapa si kwao, hapa ni kwangu."

"Kwako?" mwenye nyumba alidakia. "Hapa ni kwangu! Na kwangu hawalali!" Akalikamata gauni kwa mabega yake, akalikung'utia ndani ya gunia, juu ya mama yao aliyekwisha kutiwa humo, kama mtu anayekung'uta mkeka, huku afisa akishika mdomo wa gunia kwa mikono miwili na macho yakiwa yamefumbwa.

Gauni lilifuliwa, likaanikwa, likapigwa pasi. Jumamosi bibi harusi alilivaa, likamkaa vizuri sana, ingawa kwapani lilikuwa bado bichi. Macho hakuhama.

Afisa aliandika kwenye taarifa yake kwamba mama na watoto walitambuliwa kwa sura zao, wote ni wa mtoni, na wamerudishwa mtoni. Alipowafungulia pale ukingoni, watoto kadhaa walikuwa na mkia mweusi, kadhaa mkia wa rangi ya kutu, na mmoja, mwembamba, alikuwa rangi ya majivu.